Kiti Kilichoundwa kwa Bunduki

Mtu akikiona kwa mbali katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, jijini London, hukidhania kiti cha mzee wa ukoo. Kina egemeo refu, mikono ya kuwekea viwiko na miguu minne, na kimo chake ni kama mita moja. Akisogea hatua mbili tatu ndipo vipande vinapoanza kujitambulisha kimoja kimoja: kitako cha bunduki, mtutu, kifyatulio kilichokatwa. Kiti kizima ni silaha. Kiliundwa Maputo mwaka 2001 na msanii wa Msumbiji, Cristóvão Canhavato, ambaye watu wengi wanamjua kwa jina la Kester.

Mjuzi wa silaha anaweza kukisoma kiti hicho tangu juu hadi chini. Egemeo ni bunduki mbili aina ya G3 zilizosimamishwa, vitako vikiwa juu. G3 ilibuniwa Ujerumani, ikatengenezwa Ureno kwa leseni, na ndiyo waliyobeba askari wa Kireno walipopigana kuyashikilia makoloni yao ya Afrika. Sehemu nyingine zinatokana na AK-47 za Kisovieti na bunduki zilizotoka Poland na Czechoslovakia, na mguu mmoja wa mbele ni mtutu wa AKM, mdogo wake AK-47. Hakuna hata kipande kimoja kilichotengenezwa Afrika. Kester hakupaka rangi wala hakulainisha alama. Vitako vile viwili vya juu vina matundu ya skrubu na upenyo wa mkanda, na vikitazamwa vizuri vinaonekana kuwa na nyuso zenye macho na mdomo unaokaribia kutabasamu. Hakuzichonga nyuso hizo. Alizikuta akiwa kazini, akaamua kuziacha zionekane.

Kufahamu bunduki hizo zilivyofika katika karakana ya Maputo, inafaa kuanzia Dar es Salaam.

Tarehe 25 Juni 1962, vyama vya Wamsumbiji waliokuwa uhamishoni viliungana jijini humo na kuunda FRELIMO, Eduardo Mondlane akiwa rais wake. Miaka miwili baadaye, tarehe 25 Septemba 1964, wapiganaji wake walishambulia kituo cha Wareno huko Chai, Cabo Delgado, na vita vya ukombozi vikaanza. Tanzania ikawa ghala na mlango. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Silaha za Urusi, China na nchi za Ulaya Mashariki zilishushwa bandarini, zikapelekwa kusini. Wapiganaji walifunzwa Kongwa na Nachingwea. Ng'ambo ya mto Ruvuma, ulio mpakani, mizigo mingi ilikwenda kwa miguu, nayo ilibebwa vichwani na mabegani, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na wanawake, ambao kuanzia 1967 walikuwa na kikosi chao ndani ya FRELIMO. Mondlane mwenyewe hakuuona ushindi: aliuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu.

Uhuru ulipatikana tarehe 25 Juni 1975. AK-47 ilikuwa imegeuka alama ya heshima, kiasi kwamba bendera ya taifa iliyopitishwa mwaka 1983 ina picha yake, ikiwa imepishana na jembe juu ya kitabu kilichofunguliwa. Mwaka 2005 yaliitishwa mashindano ya kubuni bendera mpya, na wapinzani walitamani bunduki iondolewe. Haikuondolewa.

Amani haikudumu. Kundi la waasi la RENAMO liliundwa kwa msaada wa idara ya ujasusi ya Rhodesia, iliyokuwa imekasirishwa na Msumbiji kuwapa hifadhi wapiganaji wa Zimbabwe. Rhodesia ilipofikia mwisho wake mwaka 1980, Afrika Kusini ya makaburu ikachukua nafasi ya mlezi. Kuanzia 1977 hadi 1992 Msumbiji iliungua kwa vita vilivyoua watu wanaokadiriwa kufika milioni moja na kuwatoa mamilioni majumbani mwao, wengine wakikimbilia Malawi, Zimbabwe na Tanzania. Shule, zahanati na reli vilikuwa miongoni mwa shabaha za kwanza. Mwaka 1986 Tanzania ilipeleka askari wa JWTZ kuisaidia serikali ya Maputo, na wengine wao hawakurudi wakiwa hai. Makaburi ya mashujaa ya Naliendele, Mtwara, yanabeba sehemu ya historia hiyo.

Bunduki ziliingia kwa njia zote: zile za zamani za Wareno, zile za ukombozi, zile walizonunua marais Samora Machel na Joaquim Chissano kwa ajili ya jeshi, na zile zilizodondoshwa usiku kwa ajili ya RENAMO. Mpiganaji hakuchagua nchi iliyotengeneza silaha yake. G3 iliyotumika kumlinda mkoloni iliweza kuishia mikononi mwa kijana wa kijijini aliyezaliwa baada ya mkoloni kuondoka.

Miongoni mwa waliotafuta njia ya kutokea alikuwa Dinis Sengulane, askofu wa Kianglikana wa Dayosisi ya Lebombo tangu 1976. Mwaka 1989 alikuwa kwenye ujumbe wa viongozi wa makanisa uliokwenda Nairobi kuonana na wajumbe wa RENAMO ana kwa ana, wakati ambapo serikali ilikuwa bado ikiwaita majambazi wenye silaha. Mazungumzo yalihamia Roma chini ya jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio, na tarehe 4 Oktoba 1992 Rais Joaquim Chissano na Afonso Dhlakama wa RENAMO walitia saini mkataba wa amani.

Umoja wa Mataifa ulipeleka ujumbe mkubwa wa kusimamia mkataba, ONUMOZ. Ulikusanya silaha nyingi, lakini uchaguzi wa Oktoba 1994 ulipokwisha na ujumbe kufunga virago, sehemu kubwa ya silaha hizo ilikuwa haijaharibiwa. Nyingine hazikuwahi kusalimishwa kabisa. Zilikuwa zimezikwa shambani, zimefichwa darini, au zimefungwa ndani ya mifuko ya nailoni na kutumbukizwa kwenye visima vilivyokauka. Watu walikuwa na sababu zao. Mmoja hakuamini kwamba vita vimekwisha kweli. Mwingine aliitumia bunduki kuwindia, na wa tatu aliikodisha kwa majambazi. Nyingi zilivuka mpaka kwenda Afrika Kusini, ambako uhalifu wa kutumia bunduki ulikuwa ukipanda, hadi polisi wa nchi hizo mbili wakaanzisha mwaka 1995 operesheni ya pamoja iliyopewa jina la Rachel, ya kusaka maghala yaliyofichwa na kuyalipua.

Mwaka huohuo Baraza la Kikristo la Msumbiji, likiongozwa katika jambo hili na Sengulane, lilianzisha mradi wake. Jina lilitoka katika unabii wa Isaya kuhusu panga kufuliwa kuwa majembe: Kugeuza Silaha kuwa Majembe, kwa Kireno TAE kwa kifupi. Sheria yake ilikuwa rahisi. Ukileta bunduki, hutaulizwa umeitoa wapi wala ulikuwa upande gani. Hutapewa fedha, kwa sababu fedha zingeweza kununua bunduki nyingine. Utapewa kitu cha kufanyia kazi: jembe, baiskeli, cherehani, mabati, saruji, mbegu. Kijiji kimoja kilichokusanya mamia ya silaha kilipewa trekta. Askofu alikuwa akiwaambia watu kwamba kulala na bunduki chumbani ni kama kulala na nyoka, siku moja atageuka akuume. Na kwamba mradi haukuja kuwanyang'anya silaha bali kuzibadilisha.

Silaha zilizoletwa ziliharibiwa, mara nyingi mbele ya waliozileta. Zenye hatari zaidi, kama mabomu na makombora, zililipuliwa na wataalamu. Bunduki zilikatwa vipande. Ndipo likaja swali ambalo halikuwa kwenye andiko la mradi: vipande vifanywe nini?

Njia ya mkato ilikuwa kuviyeyusha. Chuma cha bunduki kikiingia tanuruni hutoka chuma tu, na jembe lililofuliwa kwa chuma hicho halitofautiani na jembe lililoletwa na meli. Lakini Maputo ilikuwa na Núcleo de Arte, chama kongwe cha wasanii ambacho hata mchoraji mashuhuri Malangatana Ngwenya alipitia akiwa kijana, na chama hicho kilikuwa na wasanii vijana waliozoea uhaba wa vifaa. Baadhi yao walipewa sehemu ya vipande hivyo pamoja na mafunzo ya kuchomelea. Waliamua kutoyeyusha. Bunduki ikatwe isiweze kufyatua tena, lakini ibaki ikitambulika kuwa ni bunduki.

Uamuzi huo ndio uliozaa sanaa yote iliyofuata. Ulikwenda kinyume na mazoea ya uchongaji wa nchi hiyo, ambao duniani ulijulikana kwa mpingo wa Wamakonde. Mchongaji wa Kimakonde, awe Mueda au aliyevuka Ruvuma kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika na baadaye kuuza kazi zake Dar es Salaam, huanza na gogo na kupunguza. Umbo linatoka kwa kuondoa. Msanii wa Núcleo alianza na kisanduku cha vipande vilivyokwisha kuwa na umbo, kila kimoja kimesanifiwa na mhandisi wa mbali kwa kazi moja tu. Kazi ya msanii ilikuwa kuviunganisha vikubali kazi nyingine.

Karakanani jambo hilo halina uchawi. Vipande humwagwa sakafuni na kupangwa kwa aina: mitutu upande huu, vitako vya mbao na vya plastiki upande ule, sahani za chuma, springi, mikono ya bastola. Kutu husuguliwa kwa brashi ya waya. Msanii hushika vipande viwili, huvijaribu kwa pembe hii na ile, huviweka chini, huchukua kingine. Chuma cha mtutu ni kigumu. Kukikata kwa msumeno wa mkono ni kazi ya kutokwa na jasho, na kwa grainda cheche huruka mita kadhaa. Mbao na plastiki haziwezi kuchomelewa, kwa hiyo kipande chenye kitako hushikizwa kwa kile chuma chake chenyewe, na fundi hulazimika kuchoma haraka kwa vituo ili moto usiunguze mbao iliyo karibu. Wasanii walipokea vitu vilivyokwisha kukatwa, lakini kabla ya kuwasha moto walichungulia kila mtutu tena. Risasi iliyosahaulika haijui kama vita vimekwisha.

Kwa njia hiyo zilitoka kazi za kila namna: ndege, mijusi, wanamuziki, wanandoa, mtu anayesoma gazeti, viti. Kester, aliyezaliwa mwaka 1966 huko Zavala, nchi ya Wachopi na marimba zao za timbila, alivutwa na viti. Alipohojiwa alieleza kwamba yeye mwenyewe vita havikumgusa mwilini, ila ana jamaa wawili waliopoteza miguu. Fiel dos Santos, aliyezaliwa 1972, alitimiza miaka 20 kabla ya kuishi mwaka mmoja kamili wa amani akiwa na akili za kuukumbuka. Gonçalo Mabunda, wa mwaka 1975, alikuwa amejifunza kazi ya chuma na shaba Durban kwa mchongaji wa Afrika Kusini, Andries Botha. Karibu nao walikuwapo Hilário Nhatugueja na Adelino Serafim Maté.

Mwanzoni mwa 2002 shirika la Christian Aid, mmoja wa wafadhili wa mradi, lilisaidia kupeleka kazi hizo London kwa maonyesho. Chris Spring, msimamizi wa mikusanyo ya Afrika katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, alikiona kiti cha Kester, na jumba likakinunua mwaka huohuo. Huko kinajulikana kwa jina la Kiti cha Enzi cha Silaha.

Huko kiligeuka msafiri. Badala ya kufungiwa nyuma ya kioo, kilizungushwa Uingereza katika miaka ya 2005 na 2006: shuleni, makanisani, kwenye maduka makubwa, hata ndani ya gereza la Pentonville. Mwaka 2010 mkurugenzi wa jumba hilo, Neil MacGregor, aliendesha kwenye redio ya BBC mfululizo wa vipindi vya kusimulia historia ya dunia kwa vitu 100, zana ya mawe ya Olduvai ikiwa kitu cha pili. Kiti cha Kester kilikuwa kitu cha 98. Karibu na mwanzo wa mfululizo lilikuwapo jiwe la Tanzania lililochongwa kuwa chombo cha kukatia nyama; karibu na mwisho ikasimama silaha iliyounganishwa upya kuwa mahali pa kukaa.

Kiti si umbo lililochaguliwa ovyo. Katika sehemu kubwa ya Afrika kiti cha mkuu hakibebi mwili tu, hubeba mamlaka. Waswahili wa Lamu, Pate na Unguja wana viti vyao vya enzi vya mpingo vilivyonakshiwa kwa pembe, virefu na vya kuogofya kidogo, ambavyo mgeni wa heshima alikalishwa ili wenyeji waonyeshe hadhi ya nyumba. Anayeketi kwenye kiti cha Kester ameketi juu ya kile kilichompa cheo mtu wa zama za vita, naye hapati starehe yoyote: chuma kinachoma mapaja na mitutu inaelekea pande zote.

Jumba la makumbusho lilirudi Maputo na ombi kubwa zaidi. Pamoja na Christian Aid liliagiza kazi mpya kwa ajili ya msimu wa sanaa za Afrika wa 2005, na Kester, Fiel dos Santos, Nhatugueja na Maté wakashirikiana kuunda Mti wa Uzima. Una kimo cha mita 3.5 na uzito wa nusu tani hivi. Shina na matawi ni vipande vya AK-47, bastola na mitambo ya kurushia maguruneti. Majani ni sahani za chuma zilizokatwa na kukunjwa. Chini ya mti kuna kobe, mjusi, ndege na viumbe wengine. Februari 2005 ulisimamishwa katika ua mkuu wa jumba, ambako kila mgeni aliyeingia alilazimika kupita ubavuni mwake, kabla ya kuhamishiwa kwenye vyumba vya Afrika.

Kufikia hapo haikuwa tena habari ya Msumbiji peke yake. Miaka hiyohiyo El Anatsui, Mghana aliyekuwa akiishi Nsukka, Nigeria, alikuwa akishona kwa waya wa shaba maelfu ya vifuniko vya chupa za pombe hadi vikawa mashuka makubwa ya kung'aa. Romuald Hazoumè wa Benin alipanga madumu 304 ya petroli kwa mfano wa mchoro maarufu wa meli ya watumwa. Jumba la Makumbusho la Uingereza liliinunua kazi hiyo mwaka 2007, miaka 200 baada ya Uingereza kupiga marufuku biashara ya watumwa. Nairobi, Cyrus Kabiru alitengeneza miwani ya ajabu kwa waya, misumari na vyuma chakavu. Wote walitumia vitu ambavyo tayari vilikuwa na maisha ya kwanza, lakini vifuniko na madumu vilitupwa na watu waliomaliza kuvitumia. Silaha haikutupwa, ilibidi mtu ashawishiwe kuitoa.

Anayewakaribia zaidi wasanii wa Maputo ni Freddy Tsimba wa Kinshasa, aliyezaliwa mwaka 1967. Alisomea uchongaji katika Chuo cha Sanaa cha Kinshasa, akahitimu 1989, kisha akaenda kujifunza upya kwa mafundi wa mtaani wanaoyeyusha na kuchomelea chuma. Congo ilipoingia kwenye vita vya 1996 na vile vya 1998, ambavyo vilichinja zaidi mashariki, Kivu na Ituri, kwa wasemaji wa Kiswahili, Tsimba alianza kukusanya maganda ya risasi. Huyachomelea moja moja hadi yanakuwa miili ya watu wa kimo halisi: wanawake wajawazito, watu waliogeuzia ukuta nyuso, watu wasio na vichwa. Ganda halina uzito wa bunduki, ila lina ushahidi ambao bunduki haina, kwamba limekwisha kufyatuliwa. Baadaye aliongeza vijiko, mitego ya panya na mapanga. Kwa mamia ya mapanga aliunda nyumba nzima. Sanamu yake moja ya maganda ya risasi imesimama tangu 2007 katika mtaa wa Matonge huko Ixelles, Brussels, mtaa wa Wakongo wa ughaibuni, na mwaka 2018 nyingine iliwekwa katika jumba la Chaillot, Paris, mahali ambapo Tamko la Haki za Binadamu lilipitishwa mwaka 1948.

Tsimba hakuwa na mradi wa kanisa nyuma yake wala wananchi waliojitolea kuleta. Hilo linaonyesha jinsi kazi ya Maputo ilivyokuwa ya pekee. Kila kipande kwenye kiti cha Kester kilitolewa na mtu aliyeondoka na jembe au bati mkononi, na kwa hiyo kiti hicho ni stakabadhi ya mapatano maelfu yaliyofanyika chini ya miti na kwenye ua wa makanisa. Sanaa ilikuwa sehemu ndogo tu ya mradi. Ndiyo iliyopigwa picha na dunia, lakini kwa mwanakijiji wa Gaza au Zambezia aliyerudi nyumbani na baiskeli, mradi ulikuwa baiskeli.

Pia sanaa ndiyo iliyosafiri. Silaha zilizotoka Ulaya zilirudi Ulaya, zikinunuliwa kwa bei ambayo viwanda vilivyozitengeneza havikuitarajia. Mabunda ndiye aliyefika mbali zaidi kwa njia hiyo. Viti vyake vya enzi na vinyago vyake, ambavyo hucheza na sura za jadi za Afrika kwa kutumia maganda ya risasi na vipande vya bunduki, vilikuwamo kwenye maonyesho ya Africa Remix yaliyozunguka miji mikubwa ya dunia kuanzia 2004. Taasisi ya Bill Clinton ilimwagiza tuzo za kuwapa washindi wake. Mwaka 2015 marehemu Okwui Enwezor, aliyeyasimamia maonyesho makuu ya Venice, alimweka humo, na mwaka 2019 alirudi Venice katika banda la Msumbiji. Kwake kiti hakizungumzii tu vita vilivyopita. Kinamtania pia mtawala wa leo asiyetaka kunyanyuka.

Mwaka huohuo wa 2019, tarehe 6 Agosti, Rais Filipe Nyusi na Ossufo Momade wa RENAMO walitia saini mkataba mwingine wa amani mjini Maputo, kwa sababu ule wa Roma ulikuwa umepasuka mwaka 2013 na wapiganaji wa zamani kurudi msituni. Kambi ya mwisho ya RENAMO, iliyokuwa Gorongosa, ilifungwa Juni 2023. Silaha zikakabidhiwa tena, safari hii kwa utaratibu wa kiserikali.

Kaskazini mambo yalikuwa yamechukua sura nyingine. Tarehe 5 Oktoba 2017 watu wenye silaha walivamia vituo vya polisi Mocímboa da Praia, Cabo Delgado, katika pwani ya Wamwani ambako Kiswahili kinasikika sokoni na misikitini. Machi 2021 waliushambulia mji wa Palma, si mbali na Ruvuma, na wakazi waliojiokoa walikimbilia misituni, baharini kwa majahazi, na wengine mpaka wa Tanzania. Julai mwaka huo Rwanda ilituma askari wake, na nchi za kusini mwa Afrika, Tanzania ikiwamo, zikapeleka kikosi chao. Chai, mahali ilipolia risasi ya kwanza ya ukombozi mwaka 1964, iko katika eneo hilohilo la mapigano.

Sengulane alistaafu uaskofu mwaka 2014. Kazi za wasanii wa mradi wake zimetawanyika: kiti na mti viko London, viti vya Mabunda viko katika mikusanyo ya Ulaya na Marekani, na nyingine ndogo bado zinapatikana Maputo kwa anayefika Núcleo de Arte. Mwanafunzi wa Cabo Delgado anayetaka kukiona kile cha Kester kwa macho yake anahitaji pasipoti, tiketi ya ndege na viza ya Uingereza.